Mgonjwa wa Profesa Indumati

Nataka kumsifu mtu, na kwa kuwa kusifu si kazi niliyoizoea, mtanivumilia nikianza na makosa yangu mwenyewe. Naitwa Daktari Zuleha. Nafundisha magonjwa ya ndani katika chuo cha udaktari hapa Kisumu, huu mwaka wa kumi na mbili, na wanafunzi huniita Presha. Wanasema nikiingia wadini hata mgonjwa aliyeletwa kwa jipu hupanda presha. Jina hilo nalijua na sijalikataa. Mwalimu wa udaktari anayependwa na kila mtu mimi humtilia shaka kidogo.

Wiki ninayoisimulia nilikuwa nimeandika barua ya kumfukuza mwanafunzi wa mwaka wa nne aitwaye Dolphine. Ni binti wa fundi baiskeli wa Kaloleni, nyumba kama kumi kutoka ile niliyozaliwa mimi, na mwalimu mwingine labda angelainika kwa hilo. Mimi nilizidi kukasirika, kama kwamba mtoto wa jirani amenitia aibu mbele za watu. Barua ilihitaji saini mbili, yangu na ya mwalimu mwingine wa wadi. Ingesomwa mbele ya kamati Ijumaa saa tano asubuhi, na kufikia saa sita Dolphine hangekuwa mwanafunzi wetu tena.

Kosa lenyewe lilikuwa akili unde.

Hapo lazima nieleze tulikuwa tumefika wapi. Muhula uliotangulia, mwanafunzi mmoja alileta ripoti ya mgonjwa iliyoandikwa vizuri mno, moyo, mapafu, ini, kila kitu mahali pake, ya bibi mmoja aliyelazwa kitanda namba thelathini na nne. Wadi yetu ina vitanda ishirini na nane. Mashine ilikuwa imemtungia mgonjwa pamoja na kitanda chake, na mwanafunzi mwenyewe hata hakujisumbua kuhesabu. Tukaitwa mkutanoni walimu wote. Daktari Kageha wa anatomia akasema kompyuta zifungiwe stoo mpaka watoto waujue mfupa kwa kuushika. Daktari Obiero, mkuu wa kitivo, ambaye sote tunajua maswali yake ya mtihani siku hizi hutungwa na mashine hiyo hiyo yeye akinywa chai, akasema dunia imesonga na sisi tusiwe watu wa kukokotwa. Wengi walikuwa katikati, wanaisema vibaya mkutanoni na kuitumia wakirudi nyumbani. Mimi ndiye niliyepiga meza nikasema mgonjwa si hadithi ya kutunga, na atakayeleta ripoti ya mashine aende kwao. Wakapiga makofi. Sheria ikaandikwa, na aliyeiandika ni mimi.

Profesa Indumati alikuwa ameketi nyuma kabisa siku ile, sari ya zambarau na raba nyeupe miguuni, akimenya chungwa. Hakusema neno. Ndiye aliyenifundisha mimi, na nusu ya madaktari wa ukanda huu wa ziwa. Ana miaka sabini na miwili. Alistaafu, akakaa nyumbani wiki mbili, akarudi kufundisha siku tatu kwa wiki kwa sababu, alisema, nyumbani hakuna mtu wa kumkosoa. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa hapa mjini, na Kidholuo chake kinawashinda wengi wenye majina ya Kijaluo. Nilipiga meza nikidhani nasema maneno yake.

Sasa Dolphine. Jumatatu tulikuwa tukizunguka wadini, mimi mbele, wanafunzi tisa nyuma. Kitanda cha sita alikuwamo Sabir, muuza mishikaki wa Kondele, aliyelazwa jana yake kwa maumivu ya kichwa, kichefuchefu na mwili kulegea. Nikauliza slaidi ya damu imesema nini. Wakanijibu chanya, malaria. Nikasema basi ni malaria, aendelee na dawa, kesho aende nyumbani. Dolphine akainua mkono.

"Daktari, naweza kuongeza kitu kidogo?"

"Slaidi ni chanya," nikamwambia. "Unataka kuongeza nini, chumvi?"

Wenzake wakacheka. Nikasonga kitanda cha saba, na Jumanne asubuhi Sabir akaruhusiwa.

Alhamisi ripoti ya Dolphine ikafika mezani kwangu, kurasa saba. Aliandika kwamba anakubali vimelea vya malaria vimo kwenye damu, lakini huku ziwani mtu mzima anaweza kutembea navyo miezi na asiumwe, kwa hiyo aliendelea kuuliza. Kichwa kinauma saa ngapi? Asubuhi, akiamka. Kinapoa lini? Akishafika kazini, kwenye hewa. Nyumbani ni nani mwingine anaumwa? Ndugu yake Badru, naye anatapika. Tangu lini? Tangu mvua zianze. Mvua zilipoanza mlibadilisha nini? Basi hapo ndipo Sabir alipomwambia kwamba wameanza kuliingiza jiko la mishikaki ndani ili lisilowe, makaa ya chini yakiwa bado mekundu, na wanalala nalo mlango umefungwa. Mwisho wa ripoti Dolphine aliandika kwamba kinachomuumiza Sabir si malaria. Ni hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa, na wasipoangalia itawaua wote wawili.

Nilisoma mara mbili. Ningependa kusema nilifurahi. Nilichemka! Mwanafunzi wa mwaka wa nne haulizi hivyo. Nawajua, wakipata jibu moja wanaling'ang'ania mpaka mwisho. Halafu mgonjwa yule nilimwona kwa macho yangu, na hakunitajia jiko wala makaa. Nikasema moyoni, kitanda namba thelathini na nne kimerudi. Nikamwita ofisini.

"Ripoti hii umeiandika wewe?"

"Nimeandika mimi, daktari."

"Na maswali haya umefundishwa na nani? Maana si mimi."

Dolphine hajui kudanganya. Alitazama viatu vyake, akasema, "Ni ile AI, daktari."

"Ndiyo iliyoandika."

"Hapana, haikuandika. Ilinifunza kuuliza. Kuna mgonjwa huko ndani, tunamwitanga Nyar Asembo. Ni mama ametoka Asembo Bay. Sasa yeye ndio—"

"Mgonjwa wa ndani ya mashine."

"Ndio, lakini daktari, ukiongea na yeye—"

"Basi. Nimesikia ya kutosha."

"Daktari, hata nilienda mpaka Kondele. Hiyo jiko niliona na macho yangu."

"Nimesema basi."

Akatoka. Barua niliimaliza kwa dakika ishirini bila kufuta hata neno, na hilo lingetosha kunishtua, kwa sababu mimi hufuta sana.

Ijumaa saa tatu nilikwenda kwa Profesa Indumati kuchukua saini ya pili. Chumba chake zamani kilikuwa stoo ya vitanda vibovu, na bado ukiingia unakutana na miguu miwili mitatu ya chuma nyuma ya mlango. Nje kulikuwa na wanafunzi wanne kwenye benchi. Waliponiona waliinuka kwa pamoja, wakanisalimu kwa pamoja, wakapotea kwa pamoja. Nikadhani wamemfuata kwa mambo ya mtihani.

Profesa alinimiminia chai, akaisoma barua polepole, akafuta miwani, akaisoma tena.

"Umempigia Sabir?" akaniuliza.

"Sabir yupi?"

"Si huyu mgonjwa? Namba yake iko kwa faili."

"Nimpigie ya nini, Profesa? Msichana amekiri mwenyewe kwamba ni mashine."

"Ah," akasema. "Slaidi chanya."

Nilimwelewa vizuri sana, kwamba nimepata jibu la kwanza nikaacha kuuliza, na nikajifanya sijamwelewa. Akaiweka barua chini ya kikombe chake.

"Sikunyimi saini, Zuleha. Lakini kwanza nichukulie historia ya mgonjwa mmoja. Ni wangu. Ukimaliza na bado unataka, nitatia saini hata mara mbili."

Akaigeuza kompyuta iliyokuwa mezani, akabonyeza mahali, akanisogezea kiti. Alinieleza kwa ufupi kwamba Ishita, binti wa kaka yake anayefanya kazi za kompyuta, ndiye aliyemwekea mitambo. Mgonjwa anasikia, anajibu kwa sauti, na hakuna maneno aliyoyakariri. Kila anayekuja hukutana na mazungumzo mapya. Nikaketi nikiwa na uso wa mtu anayevumilia. Nilijua nitakachosikia. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nina maumivu ya kichwa kwa muda wa siku tano, yalianza taratibu. Wagonjwa wa vitabuni husema hivyo.

"Umeamkaje, daktari," ikasema sauti ya mwanamke. "Hiyo benchi yenu ni ngumu, wacha tu. Nimekaa hapo tangu saa kumi na moja."

"Pole, mama. Unasumbuliwa na nini?"

"Ni mwili tu."

"Mwili wapi?"

"Mwili yote. Kwani wewe ni mtoto wa nani? Unaongea kama watu wa Kaloleni."

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka, maana hivyo ndivyo walivyo akina mama wa Asembo, na mtu ambaye hajafanya kazi huku hawezi kulijua jambo hili. Mama wa Asembo hakupi ugonjwa wake kabla hajajua anampa nani. Ukimharakisha anakuambia ni mwili tu, anachukua panadoli zake anaondoka. Kwa hiyo nilifanya kama ninavyofanya kwa mtu. Nikamwambia mimi ni binti wa Mukhtar, fundi cherehani wa Kaloleni. Nikauliza habari za njiani. Nikauliza samaki wanapatikanaje siku hizi. Akanieleza kwamba yeye hubanika mbuta, anawauza wakiwa wamekauka, na mbuta siku hizi ni wadogo na wanunuzi ni wajeuri. Mara mbili nilijaribu kumkatiza na mara zote mbili akawa mkavu, "Ni hivyo tu, daktari." Nikinyamaza, anaendelea. Nimepiga kelele miaka kumi na miwili nikiwaambia wanafunzi wanyamaze ili mgonjwa aongee, na hapa kulikuwa na mashine inayomlipa anayenyamaza na kumwadhibu mwenye pupa, bila kelele yoyote. Niliistaajabia. Nilikuwa nimekuja kuikataa na niliistaajabia waziwazi, mpaka Profesa akatabasamu nyuma yangu.

Mwishowe akasema, "Wiya rama." Kichwa kinaniuma. Nikauliza ya kawaida. Homa? Kidogo. Kutapika? Jana. Kisha pembeni mwa skrini ikatokea karatasi ya maabara. Slaidi ya damu, chanya.

Palikuwa na kisanduku cha kuandika ugonjwa. Mkono wangu ulikwishafika hapo. Nilikuwa nimeandika herufi tatu za kwanza za malaria wakati mama yule aliposema:

"Wacha niende basi, daktari. Ile samaki yangu imebaki nusu, haijakauka, na hii mvua itaniozea yote."

Mkono ukasimama. Maneno hayo niliwahi kuyasikia.

Miaka ishirini iliyopita, mimi nikiwa mwanafunzi, kulikuwa na mama mmoja kwenye kitanda cha dirishani, sweta ya kijani, mtoto mapajani, wanamega hindi moja la kuchemsha. Alikuwa mgonjwa wangu. Nilimchukulia historia kwa dakika kumi. Slaidi ilikuwa chanya, nikaandika malaria, nikamsomea Profesa Indumati kesi yangu mbele ya wenzangu na nikasifiwa. Siku mbili baadaye mama yule alikuwa amepata nafuu kabisa, tukasema dawa imefanya kazi. Akaniambia ana haraka, samaki wake wamebaki nusu, mvua itawaozesha. Nikamtakia safari njema. Akarudi Asembo Bay, mvua ikanyesha, akawaingiza samaki ndani pamoja na jiko la makaa, akafunga mlango. Majirani waliufungua siku ya pili. Yeye na mtoto, wote wawili. Habari tuliletewa na kaka yake, aliyepanda gari kutoka kule akaja kuturudishia kadi ya hospitali, kwa sababu alidhani itatakiwa. Kadi ile niliipokea mimi. Sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu.

"Profesa," nikasema. "Huyu ni—"

"Mgonjwa hajaondoka," akasema. "Maliza historia."

Nikafuta zile herufi tatu.

"Mama, ngoja. Kaa kidogo. Kichwa kinauma zaidi ukiwa wapi?"

"Nyumbani. Asubuhi nikiamka. Nikishuka ziwa inapoa."

"Na nyumbani, ni nani mwingine anaumwa kichwa?"

"Ni mtoto. Analia akijishika kichwa hivi. Hata nilikuwa nataka kuuliza, lakini niliona mna haraka."

Nililia. Nililia mbele ya kompyuta, mimi Presha, kwa sauti, na kama wale wanafunzi wanne walikuwa wamerudi kwenye benchi basi walisikia. Nililia kwa sababu swali lenyewe lilikuwa dogo sana. Profesa hakunigusa wala hakunibembeleza. Aliuchukua mkono wangu mmoja akaweka chungwa ndani yake, lililomenywa tayari.

"Wewe ulikuwa na miaka ishirini na miwili," akasema. "Mimi nilikuwa profesa. Kadi ya kumruhusu nilitia saini mimi. Kwa hiyo usijibebee peke yako, hata mimi nina yangu."

Kisha akaniambia yale ambayo ningeyajua mapema kama ningekuwa mtu wa kuuliza. Kila mwaka tangu mwaka ule alikuwa akiisimulia kesi ile darasani, bila jina. Wanafunzi huandika. Hupigia mstari. Halafu wanakwenda wadini, slaidi inakuwa chanya, wanaondoka. "Kusikia haitoshi, Zuleha. Mtu anashika akishakosea. Na sikuwa na mahali pa kuwakosesha. Ningewakosesha kwa mgonjwa gani?"

Mashine ilipokuja yeye hakuuliza kama ni nzuri au mbaya. Aliuliza kama inaweza kuumwa. Miezi minane alikaa nayo kila jioni akiifundisha kuwa mama mmoja wa Asembo Bay. Mwanzoni ilikuwa na adabu mno, inajibu kwa mpangilio, ikiulizwa dalili inazitoa zote saba. Hapana, akaiambia, hangesema hivyo. Hapana, kwanza angekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Hapana, la mtoto hatalitaja mpaka aulizwe. "Wewe nilikukosoa miaka sita, ukanichukia minne," akasema. "Hii haikuninunia hata siku moja. Sijawahi kupata mwanafunzi kama huyo. Na sasa kila wiki inaniulia mgonjwa mara kumi na nne, na kesho yake asubuhi mgonjwa anakuja tena analalamikia benchi."

"Mbona hukusema siku ya mkutano?"

"Ulipiga meza, wakakupigia makofi." Akakusanya maganda ya chungwa. "Na nilikuwa na haya. Ningeulizwa huyu mama ni nani."

Nilimtazama yule mwanamke mzee mwenye raba nyeupe na nikamwonea fahari kama ninavyomwonea mama yangu. Miaka ishirini mimi nimelifukia kosa letu kwa ukali. Yeye alilikalia mpaka akalifanya mlango ambao watoto wa watu wanapita. Nilimwambia hivyo, pengine si kwa maneno hayo, na yeye akaniambia nipanguse uso nipige simu.

Namba ilikuwa kwenye faili, kama alivyosema. Sabir alipokea huku nyuma kukisikika pikipiki na watu wa Kondele.

"Ni Daktari Zuleha. Nataka kujua hali yako."

"Alhamdulillahi, daktari, niko poa. Yule msichana wenu alikuja mpaka kwa nyumba. Mdogo, lakini ukali! Alitoa jiko mwenyewe, akaweka nje kwa mvua, akasema akirudi aipate ndani atatuitia mama yetu."

"Na Badru?"

"Badru ameacha kutapika. Hata leo ndio yuko kwa moto, anachoma. Daktari, kwani nyinyi wakubwa hamkuwa mmejua?"

"Hatukuwa tumejua," nikamwambia. "Yeye ndiye aliyejua."

Barua niliichukua chini ya kikombe. Ilikuwa na duara la chai juu ya jina la Dolphine. Saa tano niliingia kwenye kamati nayo, nikaichana mbele yao, nikasema mgonjwa nimempigia leo na nilipaswa kumpigia jana, na kwamba sheria niliyoiandika ifutwe. Daktari Obiero akafurahi akaanza kusema si aliwaambia dunia imesonga. Nikamwambia asifurahi sana. Kuanzia sasa kila ripoti itasomwa kitandani, mgonjwa akisikia, mwalimu akiwa amesimama hapo, na yeye Obiero pia zamu yake itafika. Kisha nikawaomba wote, akiwemo Kageha, kila mmoja apange saa moja akamchukulie historia mgonjwa wa Profesa Indumati. Kageha akauliza kama mgonjwa huyo ana mifupa. Nikamwambia aende akaone.

Dolphine alikuwa nje, kwenye benchi, mgongo wima. Mapajani alikuwa na koti lake jeupe, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa mraba.

"Nimelileta, daktari," akasema. "Nilisikia lazima lirudishwe."

Nilikuwa nimewahi kuona mtu akirudisha kitu cha hospitali kwa uangalifu kama ule.

"Livae," nikamwambia. "Ripoti yako nimeipa alama ya juu kuliko zote za mwaka huu. Sabir mzima, na Badru mzima. Na Jumatatu ulipoinua mkono nilipaswa kukusikiliza. Nisamehe."

Akanitazama kama aliyesomewa karatasi ya mtu mwingine. Kisha akavaa koti haraka haraka, kifungo kimoja kikaingia tundu lisilo lake, na hakukiona.

"Nimekutana na Nyar Asembo," nikasema.

Uso ukamchangamka wote. "Alikuuliza wewe ni mtoto wa nani?"

"Aliniuliza."

"Si hata mimi! Daktari, mimi alinifia mara nne. Mara nne! Nililia, walai. Ya tano ndio nilikumbuka kuuliza kama kuna mtu mwingine. Profesa anasema hakuna mtu amewahi kumwokoa mara ya kwanza." Akanisogelea kidogo, presha yote imemtoka. "Wewe alikufia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Moja tu!" Akapiga makofi. "Wueh! Daktari, wewe ni noma. Lazima niambie wengine."

Katika miaka kumi na miwili hakuna mwanafunzi aliyewahi kunisifu namna ile, na sitaficha kwamba kwa kitambo nilitamani kumwachia hapo. Angeliambia darasa zima. Wangenitazama kwa macho mengine.

Nikaketi kando yake. Benchi ni ngumu kweli. Nikakifungua kile kifungo chake, nikakiingiza kwenye tundu lake.

"Aliitwa Lornah," nikamwambia. "Na mtoto aliitwa Sheryl. Alikuwa na miaka mitatu."